Ni Nani Anashika Kalamu ya Orodha?

Mahubiri ya Jumapili, tarehe 19 Septemba 2021, ibada ya pili
Somo: Isaya 10:1-2, Luka 19:1-10, 1 Samueli 12:1-5

Nyinyi mlio nje kwenye tenti, najua mmekaa nje kwa sababu ya ile sheria ya theluthi moja, lakini Neno la Mungu halivai barakoa. Litawafikia hukohuko.

Wapendwa, wiki hii kila mahali nimepita, kuanzia Kayole mpaka Umoja, watu wanaongea habari moja. Siku ya Alhamisi, tarehe 16, mahakama ya kesi za ufisadi kule Milimani ilimhukumu Hassan Wario, aliyekuwa Waziri wa Michezo, alipe faini ya shilingi milioni 3.6 au aende jela miaka sita. Stephen Soi, aliyekuwa kiongozi wa msafara wa timu yetu, akapigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 100. Hakimu Elizabeth Juma aliwapata na hatia kwa mambo ya Olimpiki ya Rio ya mwaka wa 2016. Kesi yenyewe ilianza Oktoba 2018, wakati Bwana Wario alikuwa balozi wetu kule Austria. Alikana mashtaka, na sheria inampa nafasi ya kukata rufaa. Hayo tuyaachie mahakama.

Siku hiyo jioni nilikuwa kwa matatu narudi nyumbani, tunakimbizana na kafyu. Baba mmoja akasema, "Milioni tatu? Hiyo kwake ni pesa ya chai." Mwingine akajibu, "Mimi nikipatikana bila barakoa ni shilingi 20,000 au miezi sita ndani. Na mshahara wangu wa mwezi haufiki 20,000." Gari lote likacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini nilipofika kwa nyumba kicheko kikaisha, kwa sababu Roho Mtakatifu aliniuliza swali moja: "Na wewe, orodha yako iko wapi?"

Nitawaeleza kwa nini aliniuliza hivyo.

Mtu akisikia neno "ufisadi" anaona magunia ya pesa. Anaona nyumba kubwa Karen, magari matano, akaunti za ng'ambo. Lakini sikilizeni vizuri kile mahakama ilisema kuhusu huyu waziri. Hakupatikana amebeba gunia. Alipatikana na hatia ya kutumia vibaya ofisi yake, akawapa watu watatu nafasi ya kwenda Rio ilhali hawakustahili kuwa kwa timu. Majina yao yaliingia kwa orodha. Ni hivyo tu. Kalamu na karatasi. Sheria yetu ya mwaka wa 2003 ya kupambana na ufisadi inasema wazi kwamba ukitumia ofisi kumpa mtu faida isiyo halali, iwe ni wewe mwenyewe au mtu mwingine, umefanya kosa. Si lazima pesa iingie mfukoni mwako. Jina likiingia mahali si pake, inatosha.

Mwambie jirani yako: jina tu linatosha. (Jibu: Jina tu linatosha!)

Sasa kumbukeni mwaka huo wa 2016. Tulikuwa na kijana anaitwa Julius Yego. Huyu kijana alijifunza kurusha mkuki kwa kuangalia video za YouTube, na mwaka wa 2015 akawa bingwa wa dunia kule Beijing. Bingwa wa dunia, ndugu zangu! Siku ya kusafiri kwenda Rio akafika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na mizigo yake, akaambiwa tiketi yake haiko. Bingwa wa dunia amesimama na mkoba, hana kiti kwa ndege. Ilibidi tiketi itafutwe hapohapo ndiyo asafiri. Akaenda, akarusha mita 88.24, akaletea Kenya medali ya fedha, na akatolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu kwa sababu aliumia akiwa kazini. Timu yetu ilirudi na medali 13: dhahabu 6, fedha 6, shaba 1. Watoto walifanya kazi yao.

Sisemi kwamba fulani alikalia kiti cha Yego. Sina ushahidi, na mtu wa Mungu hasemi asichojua. Ninasema hivi: safari ilikuwa moja. Safari hiyohiyo ambayo watu wasiostahili walipata nafasi, anayestahili alikosa tiketi. Na ndiyo maana ufisadi si dhambi dhidi ya "serikali". Hakuna mtu anaitwa Serikali anayelala njaa. Ukiingiza jina lisilostahili, ujue kuna mwenye jina lake atasimama mlangoni na mkoba.

Fungueni Isaya sura ya kumi. Nabii anatangaza ole, na angalieni anamtangazia nani. Si wezi wa ng'ombe. Si majambazi wa usiku. Anawatangazia ole wale wanaotunga amri zisizo za haki, na wale waandishi wanaoandika maonevu. Waandishi! Watu wa kalamu! Mstari wa pili unaeleza matokeo ya kalamu yao: maskini anazuiwa asipate haki yake, mjane anageuzwa mateka, yatima ananyang'anywa. Miaka zaidi ya 2,700 imepita na Isaya bado anaongea kama mtu anayeishi Dandora. Mungu anaangalia kalamu. Mungu anaangalia orodha.

Basi wengi mtasema, "Pasta, hiyo ni ya wakubwa." Ngojeni kidogo.

Hapa mtaani kwetu kijana akiiba simu stejini, tunaita tairi. Mkubwa akiiba, tunamwita mgeni wa heshima, tunamvalisha shada, tunampa kiti cha mbele. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba tunachukia wizi. Tunachukia mwizi maskini. Na kabla hujaokota jiwe, niulize maswali machache. Usijibu kwa sauti.

Kazi Mtaani ilipokuja, ile ya shilingi 455 kwa siku, ni nani aliandika majina? Vijana walikuwa wanataka kuzibua mitaro na kufagia, wengine hawana hata pesa ya sabuni. Ni wangapi waliambiwa orodha imejaa, halafu wakaona mtoto wa fulani, ambaye ana kazi, amevaa reflekta?

Pesa ya basari ikifika, fomu ya mtoto wa nani inawekwa juu, na ya nani inapotea kwa droo?

Wewe keateka wa ploti, nyumba ikiwa wazi, ni nani anaambiwa "imeshachukuliwa" kwa sababu hajakuwekea kitu kidogo?

Wewe katibu wa chama cha akina mama, zamu ya mkopo ilipofika kwa yule mama asiyejua kusoma, ni nani alirudishwa nyuma?

Mmenyamaza. Amina ya leo ni nyepesi.

Sasa nitawaambia yangu, kwa sababu mficha uchi hazai, na mimi siwezi kusimama hapa nikimhukumu mtu wa Milimani na yangu iko chini ya kitanda.

Mwezi wa Mei mwaka jana, wakati wa lile janga likiwa limetufunga kabisa, ndugu mmoja mwema alituletea vifurushi 40 vya chakula. Unga, maharagwe, mafuta ya kupikia, sabuni. Nikapewa mimi kazi ya kuandika majina. Nikachukua kitabu cha mtoto cha shule, nikaandika jina la kwanza mpaka la 40. Jina la 40 lilikuwa la mama mmoja wa kanisa hili ambaye alikuwa anauza mandazi mbele ya shule. Mnajua shule zilifungwa Machi. Na shule ikifungwa, mandazi anauzia nani?

Usiku shemeji yangu akanipigia simu. Alikuwa na kazi. Mshahara ulikuwa umekatwa, ni kweli, lakini alikuwa na kazi. Akasema, "Shemeji, nimesikia kuna unga kanisani, usinisahau." Nikafungua kitabu. Nikalitafuta jina la kukata. Na ndugu zangu, nilitumia rula. Nililikata jina la yule mama kwa mstari ulionyooka, nikaandika la shemeji juu yake kwa mwandiko mzuri. Kisha nikaomba, nikalala.

Jumamosi yule mama alikuja, akapiga foleni na mfuko wake mkononi. Shemasi akaangalia kitabu, akamwambia, "Mama, jina lako haliko." Hakugombana na mtu. Aliukunja mfuko wake vizuri, akaenda. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, nikamsalimia, "Mungu akubariki, Mama." Hayo ndiyo maneno nilimpa badala ya unga.

Zimepita miezi kumi na sita. Jumapili zote hizo nimemwona kanisani, na Jumapili zote hizo nimehubiri.

Ijumaa, siku moja baada ya hukumu ya waziri, mimi na mke wangu tulienda kwake. Tulibeba vifurushi vinne. Nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Pasta, nilijua. Niliuona ule mstari kwa kitabu. Jina langu lilikuwa linasomeka chini yake." Akanyamaza. Halafu akasema, "Siku hiyo watoto walikunywa strungi wakalala." Alivichukua vile vifurushi vinne, akasema asante, akatufungulia mlango tukatoka. Ameniruhusu niseme haya bila kutaja jina lake.

Hakusema amenisamehe. Na mimi sikumuuliza, kwa sababu ningemuuliza ningekuwa nimeenda kuchukua kitu kingine kwake.

Mtaniuliza kwa nini vinne. Twendeni Luka sura ya 19, pale Yeriko. Si ile Jericho ya Jogoo Road, ni ile ya Biblia. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru. Alikuwa mtu wa ofisi. Kalamu ilikuwa mkononi mwake: anaandika fulani anadaiwa hiki, fulani anadaiwa kile, na anaongeza yake juu. Siku Yesu alipoingia kwake, huyu mtu mfupi alisimama mbele ya wote akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na yeyote aliyemdhulumu anamrudishia mara nne.

Hapo ndipo nataka tuone tofauti kati ya faini na toba.

Sheria ya Kenya inasema mtu akipatikana na hatia ya ufisadi, na kuna faida aliyopata au hasara iliyotokea, juu ya adhabu ya kawaida atatozwa faini nyingine, mara mbili ya hiyo faida na hasara. Ni sheria nzuri. Ina meno zaidi kuliko tunavyofikiri. Lakini ukilipa faini, pesa inaenda wapi? Inaenda kwa serikali. Haiendi kwa yule aliyesimama uwanja wa ndege. Haiendi kwa mama wa mandazi. Ukilipa faini unapewa risiti, unaenda nyumbani na moyo uleule ulikuja nao. Lakini toba ya Zakayo ilikuwa na anwani. Ilienda kubisha hodi kwa nyumba ya aliyedhulumiwa. Mara nne ni kipimo cha kale: katika Kutoka 22, mtu akiiba kondoo akamchinja au akamuuza, anarudisha kondoo wanne. Zakayo aliifahamu sheria hiyo, na alijihukumu mwenyewe kabla ya hakimu kumwita.

Na mngojee kidogo: Biblia haisemi watu wa Yeriko walimpigia makofi. Mara ya mwisho tunawasikia, walikuwa wananung'unika. Zakayo hakurudisha ili asifiwe. Alirudisha kwa sababu wokovu ulikuwa umeingia nyumbani mwake, na wokovu ukiingia nyumbani unaanza kutoa nje vitu vya wenyewe.

Wengine wetu tumeokoka, tunanena kwa lugha, na vitu vya watu bado viko chini ya kitanda. Tunaomba upako juu ya mali ya mtu. Mungu atusaidie.

Sasa kuna neno kwa kanisa kama kanisa. Jumapili iliyopita, tarehe 12, kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alikuwa anamtawaza Askofu Rose Okeno. Wanasiasa wakubwa walikuwa wamefika. Askofu Mkuu akasema mimbari si yao. Wakija waabudu kama watu wengine. Sisi si Waanglikana, lakini ukweli hauna dhehebu.

Nanyi mnakumbuka yetu. Mwaka wa 2017 kabla ya uchaguzi, mheshimiwa mmoja alitufanyia harambee hapa. Alileta mabati na viti vya plastiki. Baadhi yenu mmevikalia sasa hivi. Siku hiyo aliongea dakika 40, na mimi nikahubiri dakika 15. Hakuna mzee wa kanisa aliyemuuliza pesa imetoka wapi, hata mimi sikuuliza. Tuliogopa kwamba tukiuliza, mabati yatarudi kwa lori. Basi tujue, mtu akitoa sadaka kanisani kwa mkono mmoja na mkono mwingine unakata majina ya wajane, anatununua. Anajua siku ya kesi yake hatutasema kitu. Tutasema, "Huyo ni rafiki wa kanisa, anaonewa."

Uchaguzi ni Agosti mwaka ujao, na hawa watu wameanza kupiga simu. Wazee walikutana Jumanne na tumekubaliana mambo matatu. Nawasomea ili mtushike nayo.

Kwanza, hakuna mwanasiasa atashika maikrofoni kwa madhabahu hii. Akija, tunamkaribisha kwa upendo, atakaa pale mhudumu wa mlangoni atamwonyesha, na sadaka yake ataitia kwa kikapu kama mama mboga anavyoitia yake.

Pili, orodha yoyote ya kanisa hili, iwe ya chakula, ya karo, ya blanketi, itabandikwa kwa mlango siku saba kabla ya kugawa. Kila mtu asome. Jina likikatwa, sababu iandikwe.

Tatu, mchungaji hatashika kalamu ya orodha tena. Kazi hiyo tumewapa watu watatu, na mmoja wao ni mjane. Mimi ndiye niliomba iwe hivyo, kwa sababu najijua.

Soma 1 Samueli 12 ukifika nyumbani. Samueli ni mzee, mvi kichwani, anaachia uongozi. Anasimama mbele ya taifa lote anawauliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa kwa nani nikafumba macho? Semeni mbele za Bwana, nami nitarudisha. Watu wakajibu hakuna. Wapendwa, mimi siwezi kuuliza swali hilo nikapata jibu la Samueli. Nikiuliza, kuna mama mmoja hapa angeweza kuinua mkono. Lakini sehemu ile ya mwisho, ya kurudisha, hiyo bado naweza. Na wewe pia unaweza.

Mwombeeni Bwana Wario na wote waliohukumiwa. Msiwatukane kwa matatu. Wana familia, na mtoto wa mtu akisoma jina la babake kwa gazeti huumia kama wako. Waombeeni mahakimu na waendesha mashtaka wasichoke na wasinunuliwe. Waombeeni watoto wetu wanaokimbia. Mwezi uliopita tuliwaona vijana wa chini ya miaka 20 pale Kasarani, na wengine wao kesho watahitaji tiketi. Lakini ukimaliza kuomba, usilale. Fungua kitabu chako. Tafuta mahali ulitumia rula. Kisha vaa viatu uende ubishe hodi.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, wewe unasoma jina lililo chini ya mstari. Hakuna kalamu inayoweza kulifuta mbele zako. Tupe ujasiri wa kurudisha kabla ya kuitwa. Ponya nchi yetu, anza na kanisa lako, anza na mimi. Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani, wiki hii

1. Ni orodha gani iko mikononi mwako: kazini, kwa chama, kwa ploti au kwa familia? Nani anaweza kuikagua?
2. Soma Luka 19:8. Je, kuna mtu unayepaswa kumrudishia kitu? Usitaje jina lake kwa kikundi, nenda kwake.
3. Ukijua zawadi iliyoletwa kanisani imetoka kwa dhuluma, ungependa wazee wafanye nini? Andikeni maoni yenu, mlete Jumapili.